Jeni si jini: mnyama wa miiba wa baharini na ugonjwa wa Huntington

Kila inapotoka habari kwamba wanasayansi "wamegundua jeni ya ugonjwa" fulani, mazungumzo yanayofuata huwa ni yaleyale. Mmoja anauliza kama jeni hiyo inaambukiza. Mwingine anashangaa kwa nini wasiikate tu wakaitupa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu, anacheka: eti wamelinganisha jeni ya binadamu na ya kidudu cha baharini chenye miiba! Ugonjwa wa ubongo na mnyama asiye na ubongo, wapi na wapi?

Swali la huyu wa tatu ni zito kuliko anavyodhani. Ukilijibu sawasawa, maswali ya wale wawili wa kwanza nayo yanajibika njiani.

Tuanze na neno lenyewe. Jeni si jini, ingawa namna watu wanavyoizungumzia utadhani ni jini: kitu kibaya kilichojificha mwilini kikisubiri siku ya kumtokea mtu. Jeni ni maelekezo. Ndani ya seli zako kuna uzi mrefu uitwao DNA, ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu kimoja, mara nyingi protini, ndicho jeni. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, na karibu kila moja anayo katika nakala mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba.

Herufi hizo husomwa tatutatu. Kila kundi la herufi tatu huiambia seli iongeze shanga ya aina fulani kwenye mkufu, na mkufu ukikamilika hujikunja, nao ndio protini. Kuna aina 20 za shanga hizo. Leo tunahitaji kukumbuka moja tu, iitwayo glutamini, na kundi la herufi linaloiita: CAG. Msomaji, shika hizo herufi tatu, kwa maana kisa chote kinazizunguka.

Ugonjwa nilioutaja ni wa Huntington. Umepewa jina la George Huntington, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872 akiwa na umri wa miaka 22 tu. Alikuwa amewaona wagonjwa wa familia zilezile, kizazi baada ya kizazi, huko Long Island ambako baba yake na babu yake walikuwa matabibu kabla yake. Mwili wa mgonjwa huanza kuchezacheza bila hiari yake, tabia hubadilika, na uwezo wa kufikiri na kupanga mambo hupungua kidogokidogo kwa miaka mingi. Kwa kawaida dalili huanza mtu akiwa kati ya miaka 30 na 50. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Hurithiwa, na kila mtoto wa mzazi mwenye jeni iliyobadilika ana nafasi sawa ya kuipata au kuikosa, kama kurusha sarafu. Wengine husema ugonjwa "huruka kizazi". Asiyerithi jeni iliyobadilika hana cha kumpa mwanawe, kwa hiyo mara nyingi kinachoonekana kama kuruka ni mzazi aliyekuwa nayo akafariki kwa sababu nyingine kabla dalili hazijaanza.

Kuipata jeni yenyewe kulichukua muda mrefu. Mtafiti Nancy Wexler, ambaye mama yake aliugua ugonjwa huu, aliongoza kazi ya miaka mingi katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, zinakoishi familia kubwa zenye wagonjwa wengi. Damu ya watu wa huko ilisaidia sana. Mwaka 1983 kundi la mtafiti James Gusella lilionyesha kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya nne, moja ya mafungu ambamo DNA yetu imepangwa. Ilichukua miaka mingine kumi, hadi 1993, muungano wa watafiti kuikamata yenyewe. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo yake ikaitwa hantingtini, mkufu mrefu ajabu wenye shanga zaidi ya 3,100.

Walichokikuta kiliwashangaza kwa wepesi wake. Mwanzoni kabisa mwa jeni, baada ya shanga 17 tu, herufi CAG zinajirudia: CAG CAG CAG CAG. Kila mtu anazo. Tofauti ni hesabu. Mwenye marudio 26 au pungufu hana la kuhofia. Kuanzia 27 hadi 35 mtu mwenyewe haugui, ila marudio yanaweza kuongezeka yanapopita kwa watoto. Kuanzia 36 hadi 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Kuanzia 40 ugonjwa hutokea, ikiwa mtu ataishi umri wa kawaida. Na kadiri hesabu inavyopanda ndivyo kwa jumla dalili zinavyowahi.

Hapa ndipo usemi wa "jeni ya ugonjwa" unapotupotosha. Hakuna binadamu aliyeumbwa na jeni ya kumletea Huntington kama kazi yake. Wewe unayo jeni ya hantingtini, mimi ninayo, na tungeikosa kabisa tusingezaliwa. Hilo lilidhihirika mwaka 1995, maabara zilipofuta nakala zote mbili za jeni hii kwa panya. Vilenge vyao, yaani watoto walioanza tu kujiunda, vilikufa tumboni kabla ya siku ya kumi, nusu ya safari ya mimba ya panya. Kwa hiyo jibu la yule aliyetaka ikatwe itupwe ni kwamba nyumba haibomolewi nguzo kwa sababu nguzo moja imeota kigongo.

Hantingtini hufanya nini hasa? Kazi zake ni nyingi mno. Ni protini kubwa inayojipindapinda kama springi, na hutumika kama jukwaa ambalo protini nyingine hukutania zikashikana. Husaidia kusafirisha mizigo ndani ya seli, hasa seli za neva ambazo mikono yake ni mirefu, na ina sehemu yake katika ukuaji wa kiumbe tumboni. Protini yenye kazi nyingi namna hii kwa kawaida ni ya kale. Tukitaka kujua ni ya kale kiasi gani, hatuna budi kwenda baharini.

Kabla ya kutia mguu majini, tuondoe kosa moja linalowakwaza wengi. Watafiti wanapolinganisha jeni ya mtu na ya mnyama wa baharini, hawasemi mtu ametokana na mnyama huyo. Tazama lugha. Sisi tunasema "mtu", Waganda husema "omuntu", Wazulu husema "umuntu". Hakuna mwenye akili anayesema Kiswahili kilizaliwa na Kizulu, au Kizulu na Kiganda. Zote ni ndugu waliotokana na lugha ya kale ambayo leo hakuna anayeizungumza. Lakini kwa kuyapanga maneno hayo sambamba, mwanaisimu anaweza kukisia neno la kale lilivyokuwa, akaona nani ameacha nini na nani ameongeza nini. Wanaosoma jeni hufanya vivyo hivyo. Nungu wa baharini wa leo si babu yetu. Ni binamu wa mbali, na babu tuliyeshirikiana naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Nimesema nungu wa baharini, na ni vizuri nieleze ni nani. Ni yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, anayekaa kwenye miamba na majani ya baharini, ambaye ukimkanyaga utamkumbuka wiki nzima. Ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Hana kichwa wala ubongo, ana pete ya neva tu kuzunguka mdomo. Kwa macho, konokono na mende wanaonekana kutukaribia zaidi, maana angalau wana kichwa. Macho yanadanganya. Ukifuata namna kilenge kinavyojiunda tangu mwanzo, na ukisoma DNA, nungu wa baharini yuko kwenye tawi letu la wanyama, na mende yuko kwenye tawi jingine. DNA yake yote ilisomwa mwaka 2006, ikaonekana ana jeni zipatazo 23,000, idadi isiyotofautiana sana na yetu.

Katika tawi hilo tuna jamaa wengine wawili wa baharini ambao ni wa karibu zaidi. Mmoja ni amfioksi, kiumbe chembamba kama jani la mkuki, cha sentimita chache, kinachojifukia kwenye mchanga na kuacha mdomo nje. Hana mifupa wala uti wa mgongo, ila ana ufito wa kunepa mgongoni na uzi wa neva juu yake, kama mchoro wa kwanza wa mwili wetu. Mwingine ni tunikati, kifuko chenye matundu mawili kilichojibandika mwambani kikifyonza na kutema maji. Akiwa mchanga huogelea kama kiluwiluwi, ana mkia na ufito mgongoni. Akikua hujibandika na kuvifyonza mwilini.

Sasa tuhesabu glutamini. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililomhusisha Elena Cattaneo wa Milan, Italia, lilipanga hantingtini za wanyama wengi sambamba, kama tulivyopanga "mtu" na "umuntu". Nungu wa baharini ana glutamini mbili mahali pale ambapo sisi tuna mlolongo wetu. Mbili tu, zimekaa bega kwa bega. Amfioksi naye ana mbili. Samaki wana nne. Panya mdogo wa maabara ana saba, yule mkubwa nane. Binadamu wengi wana marudio kati ya 17 na 20.

Mbili, nne, saba, nane, kumi na kitu. Ukiishia hapo utaona ngazi iliyonyooka, kutoka kwa mnyama wa miiba asiye na ubongo hadi kwetu wenye ubongo mkubwa, na shauku ya kusema "glutamini ndizo zilizotupa akili" inakuwa kubwa. Habari nyingi huandikwa hivyo. Mimi naona ndipo zinapokosea.

Kwanza, tunikati. DNA ilipolinganishwa kwa wingi, ilibainika kuwa tunikati ndiye jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo, karibu kuliko amfioksi. Kama ngazi ingekuwa kweli, angepaswa kuwa na glutamini mbili au tatu. Hana hata moja mahali pale. Ukoo wake ulizipoteza, naye anaendelea na maisha yake mwambani bila shida. Mageuko ya viumbe hayapandi ngazi. Yanatawanyika kama matawi ya mbuyu, tawi moja linarefuka na jingine, lililo jirani yake, linakatika.

Pili, nguruwe. Mlolongo wake una glutamini 17 au 18, sawa kabisa na watu wengi. Sijasikia nguruwe aliyeandika makala.

Hii haimaanishi kwamba marudio hayafanyi lolote. Watafiti waliotazama jeni inatumika wapi mwilini waliona kwamba kwa nungu wa baharini inafanya kazi zaidi nje ya neva, ilhali kwa amfioksi imeshaingia kwenye mfumo wa neva. Huenda kulikuwa na uhusiano wa jeni hii na neva uliokuwa ukikua, na mlolongo ukawa sehemu yake. Ila kati ya "huenda ni sehemu" na "ndio ulioleta akili" kuna umbali wa bahari nzima.

Samaki aliyesaidia sana katika kisa hiki ni bunju, yule anayejijaza akawa kama mpira. DNA yake ni fupi mno kwa mnyama mwenye uti wa mgongo. Jeni ya hantingtini ya binadamu imetandazwa kwenye herufi karibu 170,000. Ya bunju inaenea kwenye herufi zipatazo 23,000 tu. Lakini watafiti walipoilinganisha mwaka 1995, walikuta vipande vyote 67 vyenye maelekezo vipo. Kilichopungua ni maandishi ya katikati yasiyotengeneza protini. Ni kama kitabu kilekile kilichochapwa kwa kurasa chache kwa kuondoa nafasi tupu. Jeni iliyohifadhiwa kipande kwa kipande tangu tulipoachana na bunju ni jeni ambayo mwili haukubali ichezewe.

Na bado tunaweza kurudi nyuma zaidi. Jeni hii ipo hata kwa ameba wa udongoni aitwaye Dictyostelium, kiumbe cha seli moja ambacho njaa ikikibana hukusanyika na wenzake kuwa kundi. Ameba huyo aliyeondolewa jeni hii anaishi, ila mambo yake huenda mrama. Kwa hiyo hantingtini ilikuwapo kabla ya ubongo, kabla ya neva, kabla ya mnyama wa kwanza. Ni ajabu kuita kitu cha namna hiyo "jeni ya ugonjwa wa ubongo". Ugonjwa ni wa jana. Jeni ilikuwapo tangu zama ambazo hapakuwa na kichwa cha kuumwa.

Basi kwa nini uteuzi wa asili, yaani maumbile kuwaondoa wenye kasoro kwa kuwa hawaachi watoto wengi, haukuufuta ugonjwa? Sababu moja ni umri. Dalili nyingi huanza baada ya watu kuzaa na watoto wameshairithi. Uteuzi wa asili hauna macho ya kuona mateso ya mtu wa miaka 45. Sababu nyingine imo kwenye herufi zenyewe. Jaribu kunakili kwa mkono mstari ulioandikwa "na na na na na na na na na na na na". Maneno tofauti ungeyanakili bila kosa, lakini hapa utapoteza hesabu, utaandika moja zaidi au moja pungufu. Mashine ya seli inayonakili DNA nayo huteleza hivyohivyo. Marudio yakishakuwa mengi, kuteleza kunaongezeka, na mara nyingi kunaelekea kurefusha. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuwahi zaidi kwa mtoto kuliko kwa mzazi, na ndiyo maana marudio marefu kabisa, yale yanayowafanya watoto wadogo waugue, kwa kawaida hutoka kwa baba: mbegu za kiume hunakiliwa mara nyingi mno.

Nungu wa baharini mwenye marudio mawili hana pa kuteleza. Panya mwenye saba hali kadhalika. Hakuna mnyama anayejulikana kuugua Huntington kwa asili. Panya wagonjwa wa maabara wapo tangu 1996, lakini ni kwa sababu watafiti waliwapandikiza kipande kirefu kilichotoka kwa binadamu.

Kuna kituko kimoja katika tahajia ya jeni hii ambacho mimi hunifurahisha kuliko vyote. Mwishoni mwa marudio, kwa watu wengi, huja CAA, kisha CAG moja ya kumalizia. CAA nayo huita glutamini, kwa hiyo kwenye mkufu huoni tofauti yoyote. Lakini kwenye uzi wa DNA, ile CAA ni kama fundo kwenye kamba, inaizuia mashine isiteleze. Mwaka 2019 ilibainika kwamba watu wachache waliokosa fundo hilo huanza kuugua mapema kuliko idadi ya glutamini zao inavyotabiri. Wenye fundo la ziada huchelewa. Shanga ni zilezile kwenye mkufu, ila tahajia ni tofauti, na ni tahajia iliyoamua.

Hilo liligeuza fikra za wengi. Kumbe tatizo si idadi tu uliyozaliwa nayo. Marudio yanaendelea kurefuka ndani ya seli za ubongo maisha yote, hasa katika eneo la ndani linalosimamia miondoko ya mwili. Utafiti uliochapishwa Januari 2025, uliopima seli mojamoja kutoka kwenye ubongo wa watu waliofariki, ulionyesha kwamba seli iliyoanza na marudio arobaini na kitu inaweza kukaa miongo kadhaa ikirefusha taratibu bila madhara ya kuonekana, hadi ivuke kama 150. Hapo ndipo inapoharibika, na kwa haraka.

Sasa rudi kwa yule aliyetaka jeni ikatwe. Wapo waliojaribu jambo la karibu na hilo, dawa ya kupunguza hantingtini yote mwilini, nzuri na mbovu pamoja. Jaribio kubwa la dawa ya aina hiyo lilisimamishwa Machi 2021 kwa sababu faida haikuonekana kuzidi hatari. Njia hiyo haijafungwa, wengine wanaitafutia namna ya kugusa nakala mbovu peke yake. Lakini maabara kadhaa zimegeukia mlango mwingine: kuiacha hantingtini ifanye kazi yake ya miaka mamilioni, na badala yake kumdhibiti fundi wa DNA, protini iitwayo MSH3, ambaye akijaribu kurekebisha marudio marefu ndiye huyarefusha zaidi.